Chumba cha mazoezi cha kukodi jijini Mbeya: tathmini ya mpiga besi baada ya miezi minane

Kwa miezi minane sasa bendi yetu ya watu wanane imekuwa ikifanya mazoezi kila Jumamosi jioni katika chumba cha kukodi kilicho upande wa juu wa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kwa kuwa vijana wengi wa bendi ndogo za hapa, na hata wale wanaotoka Tukuyu, Vwawa na Makambako, huniuliza kama chumba hicho kinastahili fedha yake, nimeona niandike tathmini kamili badala ya kumjibu kila mmoja kwa simu. Chumba hakina bango barabarani, na mama mwenye nyumba ameniomba nisimtaje jina kwa sababu wateja alionao wanamtosha, lakini ukimuuliza mpiga gitaa yeyote kati ya Kabwe na Mafiati atakuonyesha njia.

Jibu langu ni kwamba kinastahili, tena sana, ingawa ukienda kwa ajili ya vifaa peke yake utarudi umenuna. Vifaa ni vya kawaida na vingine vimechoka. Ninacholipia mimi ni utaratibu wa pale, ambao mwanzoni ulituudhi karibu sote, na ambao polepole umetufundisha kupiga kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Mama huyo alifundisha kwaya kwa miaka mingi, na chumba chake anakiendesha kama alivyoendesha kwaya.

Nieleze kwanza kwa nini bendi kama yetu inalazimika kukodi. Bendi kubwa za muziki wa dansi ambazo wazazi wetu walizicheza zilikuwa na wenyewe: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa ambaye mazoezi kwake yalikuwa kazi yenye mshahara. Ukizisikiliza rekodi za enzi hizo unaweza kuufuata uzi wa gitaa la solo, uzi wa gitaa la ridhimu na uzi wa besi kila mmoja peke yake, bila mmoja kumkanyaga mwingine, na mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya usikivu ule ilitokana na watu kukaa chumba kimoja siku nyingi za wiki. Sisi hatuna nafasi hiyo. Mpiga solo wetu ni mwalimu wa sekondari, mpiga drams ni fundi pikipiki, mzee wetu wa tarumbeta analima viazi, dada yetu anayeimba sauti ya kwanza anauza nguo sokoni, na wengine tuna shughuli zetu. Tunapiga kwenye sendofu, harusi na kipaimara, na tuna saa tatu tu kwa juma za kuwa pamoja. Chumba kinachozitumia vibaya saa hizo kinatuharibia juma zima.

Bei ni shilingi 10,000 kwa saa, vyombo vikiwemo. Sisi tunakodi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, kwa hiyo tunalipa shilingi 30,000, yaani 3,750 kwa kila mmoja wetu. Umeme ukikatika saa inasimama, jambo ambalo sijalikuta kwingine: mama huandika dakika kwenye daftari na kutulipa Jumamosi inayofuata. Ndani kuna seti ya drams, amplifaya mbili za gitaa na moja ya besi, kinanda, mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti) yenye njia 8, maiki nne, spika mbili kubwa na mbili ndogo za waimbaji kujisikilizia. Kuta hazina trei za mayai, nami nashukuru, kwa sababu trei hupunguza kidogo tu sauti nyembamba na haziwezi kuizuia besi hata kidogo. Badala yake mama ametundika mablanketi mazito, yale yale tunayojifunika huku nyanda za juu, umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, na mwangwi ndani ya chumba umekufa kabisa.

Sasa nije kwenye utaratibu wenyewe. Mlangoni kuna karatasi yenye masharti yaliyoandikwa kwa mkono, na sharti la kwanza ni kwamba wimbo wowote usianze kabla ya dakika 20 kupita tangu vyombo viingie ndani. Tulipofika mara ya kwanza, mwezi Juni, nilidhani ni ujanja wa kula fedha zetu. Wiki ya pili tulimbembeleza kijana wake, ambaye ndiye fundi mitambo, atuache tuanze mara moja kwa kuwa tulikuwa tumeshatyuni, yaani tumeshalinganisha sauti za vyombo, barazani. Alitukubalia. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Kufikia wa tatu tarumbeta na magitaa yalikuwa hayaelewani tena, na mpiga solo, bila kumtazama mzee usoni, akasema kwamba labda masikio yamechoka. Mzee hakujibu. Aliishusha tarumbeta magotini, akavuta bomba la kutyunia nje kwa upana wa ukucha, akapuliza noti moja ndefu, akasubiri.

Ni mama aliyeingia na kutueleza, na baadaye nilihakikisha mwenyewe kwamba alisema kweli. Usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya baridi hushuka chini ya nyuzijoto 10, na hata alasiri vyombo vilivyokaa kwenye mzigo wa bajaji huwa vya baridi. Ukiingiza gitaa kwenye chumba chenye watu wanane, nyuzi zake za chuma zinapata joto, zinatanuka, zinalegea, na sauti inashuka. Tarumbeta inafanya kinyume chake: sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa ya joto, takribani mita 0.6 zaidi kwa sekunde kwa kila nyuzijoto moja, kwa hiyo hewa iliyo ndani ya bomba ikipata joto la pumzi, sauti inapanda. Hewa hiyo ikiongezeka nyuzijoto 10, tarumbeta imepanda karibu theluthi ya nusu-toni, yaani ya hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda. Kwa maneno mengine, siku ile magitaa yalikuwa yakishuka na tarumbeta ikipanda kwa wakati mmoja, na sisi tukamshuku mtu aliyejifunza kupuliza akiwa mtoto katika bendi ya kanisa kule Rungwe, ambako wamisionari Wamoravian walifika mwaka 1891, na ambaye masikio yake yamezoea kulinganisha tarumbeta sita kwenye noti moja. Mpiga solo alimwomba radhi pale pale. "Baba, nisamehe, nimesema bila kujua," alimwambia, na mzee akajibu kwamba hata yeye miaka yote alijua tu kwamba anapaswa kuipasha tarumbeta moto, hakujua kuwa gitaa nalo linakwenda upande wa pili.

Tangu siku hiyo dakika 20 zile hazipotei. Mzee hufika kabla yetu, mdomo wa tarumbeta akiwa ameuficha ndani ya koti, akapuliza noti ndefu taratibu; sisi wengine tunambebea fundi pikipiki wetu vifaa vyake, tunafunga waya, dada anafanya mazoezi ya pumzi. Ndipo tunatyuni wote kwa noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, mara mbili, mwanzoni na baada ya dakika hizo. Naona hata maneno yetu yamebadilika: zamani tulikuwa tunasema "umetoka kwenye sauti", sasa tunaulizana "tumetoka?"

Sharti la pili ndilo lililotugharimu zaidi, kwa kuwa liligusa fahari za watu. Sauti ya bendi inapangwa kuanzia kwa mwimbaji anapoimba chini kabisa, si anapopaza. Dada yetu anasimama mahali pake, anaimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya kawaida, na vyombo vinaingia kimoja kimoja. Kila kikiingia, fundi anauliza kama maneno bado yanasikika, na kama hayasikiki, kilichoingia mwisho ndicho kinachoshuka. Tatizo ni kwamba drams hazina pa kupunguzia sauti isipokuwa mkono wa mpigaji. Mpiga drams wetu ana miaka 22, ana nguvu za mtu anayefungua injini kutwa nzima, na katika bendi yetu tulikuwa tukimsifu kwa nguvu hizo. Fundi mitambo alimwambia kwa upole, "Mdogo wangu, ukipiga hivyo dada hana pa kuweka neno." Kijana alikasirika, tena kwa haki, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliomzoesha: yeye akipiga kwa nguvu, mpiga solo anaongeza sauti, mimi naongeza ya besi, dada anapiga kelele, na kufikia wimbo wa tano hakuna anayejua nani alianza.

Siku moja niliweka programu ya kupima sauti kwenye simu, ambayo si kipimo cha uhakika lakini inatoa picha, ikaonyesha kati ya desibeli 96 na 100. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kwamba sikio lisikae zaidi ya saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unagawanywa kwa nusu. Ukipiga hesabu hadi desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu. Sisi tulikuwa tunakaa humo saa tatu. Niliwaonyesha wenzangu hesabu hiyo kwenye karatasi, na nadhani ndiyo iliyomfanya kijana wetu aone kwamba haikuwa lawama juu ya upigaji wake. Jumamosi iliyofuata alikuja na taulo dogo kutoka nyumbani, akalikunja, akaliweka juu ya ngoma ndogo, akaanza kupiga bila kusema neno. Dada alisimama katikati ya wimbo, akageuka, akamwambia, "Ahsante, mdogo wangu, leo nimejisikia ninachosema." Sijawahi kumwona kijana yule akitabasamu vile hata siku tulipolipwa vizuri harusini.

Katika suala hilo hilo tulijifunza kuhusu maiki. Mbili kati ya zile nne ni Shure SM58, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1966 na ambayo hupokea vizuri sauti ya mbele na kuikataa ya nyuma. Ndiyo maana spika ya kujisikilizia huwekwa ielekee mgongo wa maiki. Mwimbaji wetu wa sauti ya pili alikuwa na desturi, aliyoiona kwenye video, ya kukifunika kichwa cha maiki kwa kiganja. Ukifanya hivyo unaziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kupokea sauti kutoka pande zote, sauti ya spika inarudi ndani yake, inazunguka, inapiga mluzi. Kwa mwaka mzima tuliwalaumu mafundi wa kumbi kwa mluzi huo. Mimi mwenyewe nilimsema vibaya fundi mmoja mbele ya watu, na kama anasoma hapa ajue kwamba ninajuta.

Jambo la tatu halimo kwenye karatasi, lakini limetokana na mama kukaa mlangoni na kusikiliza, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Tulikuwa na wimbo mmoja tuliouzoea katika kii (ngazi ya noti) ya E, kwa sababu magitaa yanaipenda E: nyuzi wazi zinalia zenyewe, vidole havichoki. Katika wimbo huo tarumbeta ilikuwa na sehemu ndefu ya kujibizana na mwimbaji, na kila mara mzee aliivunja vipande, akiruka baadhi ya noti. Tulidhani pumzi imepungua kwa sababu ya umri. Mama aliingia, akamuuliza mzee, "Baba, wanakupigisha shapu ngapi?" Mzee akasema, "Sita." Chumba kizima kilinyamaza. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amewahi kumuuliza.

Kwa asiyejua, shapu ni noti iliyopandishwa nusu-toni na flati ni iliyoshushwa, na kii yenye shapu nyingi ni ngumu kwa mpulizaji. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati, maana yake mpulizaji anapopuliza C yake, kinachosikika ni B flati. Kwa hiyo gitaa likiwa kwenye E, mzee alipaswa kuwaza na kupuliza katika F shapu, kii yenye shapu sita. Tukipandisha wimbo nusu-toni tu, ukawa F, yeye anakuwa kwenye G, yenye shapu moja. Mpiga solo na mpiga ridhimu waliweka kapo (kibano cha kubana nyuzi zote) kwenye freti ya kwanza, nafasi ya kwanza ya shingo ya gitaa, na kuendelea na mikao yao ile ile ya vidole, wala hawakupoteza kitu. Mimi nilipoteza uzi wangu wazi wa E, ambao ndio ulikuwa msingi wa mtindo wangu katika wimbo huo, na ikabidi nibane freti ya kwanza muda wote. Wiki mbili za mwanzo kidole cha shahada kilinivimba. Mpiga kinanda alibadilisha kwa kubonyeza kitufe. Dada alijaribu mara mbili, akasema ubeti hauna shida ila noti moja ya juu kwenye kiitikio itamchosha usiku wa tatu mfululizo, na yule kijana wa sauti ya pili akajitolea kuishika pamoja naye ili asiipaze peke yake. Mabadiliko hayo yote yalichukua chini ya saa moja. Mzee alipopuliza sehemu yake bila kuruka noti hata moja, tulisimama bila kupiga, kila mtu akamsikiliza hadi mwisho.

Ninalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo ambalo bendi nyingi za kwetu zinakufa bila kulijua. Mtu anavumilia shapu sita kwa miaka miwili kwa heshima na aibu, na wenzake wanaona udhaifu mahali penye mzigo. Chumba chenye amplifaya za bei mbaya kisingetuonyesha hilo.

Halafu kuna nusu saa ya mwisho, ile isiyolipiwa. Baada ya saa 1 usiku vyombo vinazimwa, watu wanakaa kwenye mabenchi, mama analeta chai ya tangawizi (hiyo inalipiwa, shilingi 500 kikombe), na tunasikiliza tulichorekodi kwa simu iliyowekwa kwenye kiti katikati ya chumba. Kanuni ni moja: unazungumzia chombo cha mwenzako, na unaanza na kile unachotaka aendelee kukifanya. Chako mwenyewe unakisikia lakini hukitetei. Wiki ya tatu dada alisema kuhusu besi yangu kwamba anaipenda inapotembea kwenye kiitikio, ila kwenye ubeti anashindwa kujua pa kuvuta pumzi. Niliomba turudishe. Katika mstari mmoja wenye maneno manne nilikuwa nimepiga noti 11. Nilizihesabu kwa vidole, na neno la mwisho la mstari, ambalo ndilo lililobeba maana ya ubeti mzima, lilikuwa limezama chini ya noti zangu tatu za kupambia. Sasa ninapiga mbili: moja mwanzo wa mstari, moja neno la mwisho likiisha. Mtu akisikia wimbo huo ukumbini hatajua kama kuna mpiga besi hodari pale, lakini atasikia neno lile, na watu wameanza kuliimba pamoja na dada.

Si kila nusu saa inakwenda kwa amani. Kuna Jumamosi ambayo mpiga ridhimu alitoka nje kwa sababu watu watatu walimzungumzia mfululizo, na mama akatuambia kwamba watu watatu kumsema mmoja ni kosa letu, tungegawana. Aliongeza kanuni: chombo kimoja kinazungumziwa na mtu mmoja kwa siku. Tunaifuata mpaka leo, hata tukiwa kwenye gari tunarudi kutoka Iringa usiku.

Kuhusu fedha nitasema jambo moja dogo ambalo huenda wengine wataliona la kawaida. Risiti pale huandikwa jina la bendi, na chini yake idadi ya waliochangia, bila jina la mtu. Mahali tulipokuwa tukifanya mazoezi zamani, ambapo sitapataja, risiti zote ziliandikwa jina la kiongozi wetu wa wakati ule, na siku tulipodai amana yetu ya shilingi 50,000 mwenye chumba alimpa yeye, yeye akasema ni yake, na bendi ikagawanyika. Tulipoteza wapigaji wawili wazuri. Simlaumu mtu sasa, lakini nawasihi wanaoanzisha bendi waangalie jina kwenye risiti kabla ya kuangalia ukubwa wa spika.

Kasoro zipo, na nitazitaja kwa uwazi. Ngazi za kupandia ni nyembamba na zina kona kali. Ukija na amplifaya yako mwenyewe utahitaji watu wawili, mmoja akitembea kinyumenyume, na mvua ikinyesha ngazi za nje zinateleza. Kuanzia Desemba hadi Aprili mablanketi yale yananyonya unyevu na chumba kinanuka, hasa ukiwa wa kwanza kuingia. Nimemwomba mama ayatoe juani jua likitoka, na ameanza kufanya hivyo ingawa si kila wiki. Kanyagio la ngoma kubwa linalia kama mlango mbovu na linasikika kwenye rekodi. Amplifaya ya besi ni moja tu, ina wati chache, na ukiipandisha sana inakoroma, kwa hiyo bendi inayopiga muziki mzito haitaridhika. Mablanketi yanaua mwangwi lakini hayazuii besi kutoka nje, na kwa heshima ya majirani kila kitu kinazimwa saa 1 usiku kamili. Hakuna kuongeza hata dakika tano, na wanaofanya kazi hadi jioni siku zote za wiki hawatapata nafasi isipokuwa Jumamosi, ambayo imejaa. Choo kiko uani, na taa yake hufanya kazi kwa kubahatisha.

Kama unatafuta mahali pa kurekodi, usiende, kwa kuwa pale hawarekodi. Kama bendi yako ni ya mtu mmoja nyota na wengine wa kumsindikiza kwa malipo, sidhani mtavumilia kanuni za mama, na fedha yenu itatumika vizuri zaidi kwenye chumba chenye vifaa vya kisasa. Lakini kwa kikundi cha marafiki, kwaya inayoanza kutumia vyombo, au vijana waliokusanyika baada ya kidato cha nne na kila mmoja anataka kusikika, ninashauri mchukue angalau Jumamosi nne mfululizo, maana ya kwanza mtachukia na ya pili mtagombana. Kundi moja la vijana kutoka Iringa nililolipeleka mimi lilikaa Jumamosi mbili na kuacha. Lingine, la wasichana watano wa Uyole, linaendelea mwezi wa tano sasa, na wamekuja kutuomba mzee wetu awafundishe kutyuni.

Kuweka nafasi lazima upige simu kabla ya Alhamisi, nusu ya malipo mkitanguliza kwa simu na nusu mkilipa mlangoni. Njooni na fito zenu za drams, betri za volti 9 za vyombo vyenu, nyuzi za akiba na kapo, kwa sababu pale hakuna duka la karibu linaloviuza. Mwezi wa Juni na Julai mfike nusu saa kabla, na anayepuliza aingie wa kwanza.